Uliza Fundi: Seva ya bure, Luku ya nani?

Haya karibuni tena kibarazani. Mwezi huu maswali yamekuja kama watu walikaa kikao, wanne wote wanauliza kuhusu seva (zile kompyuta kubwa za kuhudumia kompyuta nyingine) za mtumba, za kupewa na za kugawa, kwa hiyo nayajibu kwa mpigo na wale wa simu zilizoingia maji naomba mvumilie, ziwekeni hata kwenye mchele kama mlivyozoea (haisaidii lakini inapoza moyo).

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa kukosekana mwingine ndo mwalimu wa kompyuta pia, sekondari ya kata huku Kasulu. Mwanafunzi wetu wa zamani yuko Dar, ofisini kwao wamebadilisha mitambo akatuombea seva 2 aina ya Dell PowerEdge R710, kila moja ina prosesa 2, RAM GB 48 na diski 6. Zimefika na basi salama. Tumewasha moja, kwa ile kelele mkuu wa shule alitoka ofisini kuja kuuliza kuna nini. Intaneti yetu ni bando la simu tu, maabara ina kompyuta 20 za zamani na nyingi hadidiski zimekufa. Tuzifanyie nini hasa? Kuna mwalimu mwenzangu anasema tuuze skrepa.

JIBU: Marahaba mwalimu, na huyo kijana mpeni asante yake kabla hamjafanya chochote. Skrepa hapana, ila mwenzako naye hajakosea kuwa na wasiwasi. R710 ilitoka 2009, kwa hiyo umepokea mzee mwenye nguvu zake lakini mzee anayekula.

Tuanze na kula kwake. Niliwahi kuichomeka kwenye kile kimita cha ukutani, prosesa mbili na diski sita, haifanyi kazi yoyote imekaa tu, ikasoma wati 180 hivi. Sasa piga hesabu: wati 180 kwa saa 24 ni uniti 4.3 kwa siku, kwa mwezi karibu uniti 130, na kwa bei ya kawaida ya Luku ya shilingi 292 ukiongeza VAT na zile asilimia za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) unafika kama 356 kwa uniti, hapo ni shilingi 46,000 kila mwezi kwa seva moja iliyokaa bure. Mbili ni 92,000. Mkuu wa shule akiona hiyo atakuja tena, na safari hii hatauliza kuna nini.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kutowasha zote mbili. Moja inafanya kazi, ya pili ni ghala la spea, pawasaplai, feni, RAM, kila kitu kinaingiliana. Dawa ya pili ni kuipunguza mwili. Chomoa prosesa ya pili pamoja na RAM za upande wake (slot za upande huo zinakufa bila prosesa yake, kwa hiyo hamishia upande wa kwanza zile kubwa kubwa), ile plastiki ya kuongoza upepo irudishe mahali pake usiache wazi, chomoa pawasaplai moja, na zile diski za SAS zinazozunguka kwa kasi toa zote weka SSD (diski isiyozunguka) moja ya mfumo na diski moja au mbili kubwa za data. Ya kwangu ilishuka hadi wati 110 na kitu na kelele ikapungua, wanafunzi wakaanza kusikiana. Dawa ya tatu ni kuzima. Kuzima tu jamani, nani kasema seva ya shule lazima ilale macho? Hata ukiiacha na wati zake 180, ukiwasha saa 2 asubuhi ukazima saa 10 jioni siku za shule peke yake, mwezi mzima unakula uniti kama 32, shilingi 11,000 na kidogo.

Kabla ya diski kubwa angalia kadi ya RAID iliyomo, ile inayoziunganisha diski kadhaa zionekane kama moja. Kama imeandikwa PERC 6/i haioni zaidi ya TB 2 kwa diski moja, utanunua ya TB 4 halafu utalia.

Halafu usafi. Fungua kifuniko, puliza vumbi nje ya jengo siyo ndani ya maabara, chomoa RAM moja moja usugue zile meno za dhahabu na ufutio wa penseli taratibu, rudisha mpaka isikike "ka". Washa Memtest86+, programu ya kupima RAM, ilale nayo usiku mmoja. Na badilisha betri ya saa, ile duara CR2032, bei ya soda, kwa sababu ikifa kila ukichomoa umeme seva inarudi miaka ya nyuma na tovuti zote zinaikatalia kwamba vyeti vyao bado havijaanza kutumika, nimeona mtu amepiga mfumo upya mara tatu akitafuta kirusi kumbe ni betri.

Sasa kazi yenyewe. Piga Debian, mfumo endeshi wa Linux, ni bure na haina maneno mengi. Juu yake weka LTSP, mradi wa tangu 1999 ambao umetengenezwa kwa ajili ya maabara kama yako: zile kompyuta ambazo hadidiski imekufa zinabuti kupitia kebo ya mtandao moja kwa moja kutoka kwenye seva, hazihitaji diski kabisa. Unatengeneza mfumo mmoja tu pale kwenye seva, ukiongeza programu leo kesho asubuhi kompyuta zote 20 zinayo, na mwanafunzi akivuruga anazima anawasha yameisha. Tafuta swichi ya gigabiti, hapo usibane hela, kwa swichi ya zamani ya megabiti 100 darasa zima likiwasha kwa pamoja mtamaliza kipindi mnaangalia nembo.

Kwa kuwa intaneti ni bando, weka Kolibri, ina masomo na mazoezi na inafanya kazi bila intaneti, hata menyu zake zipo kwa Kiswahili, na weka Kiwix kwa ajili ya kusoma Wikipedia bila intaneti. Ya Kiingereza yenye picha ni zaidi ya GB 100, usijaribu na bando, mwambie yuleyule kijana wa Dar aipakue ofisini aitume na diski kwa basi. Ya Kiswahili ni ndogo. Na kama mna maktaba, Koha ni programu ya maktaba iliyoanza kutumika Januari 2000 huko New Zealand, jina lenyewe kwa Kimaori ni zawadi, ila zawadi ya kwao ni ile ya ukipewa nawe unatoa, kama sahani ya futari ya jirani hairudi tupu. Nikikumbuka hilo kila mwaka naripoti angalau hitilafu moja kwa watengenezaji.

SWALI: Fundi mambo. Mimi mwanachuo Mbeya, chuo kimetupa HP DL380 Gen8 tujifunzie. Nimepakua AlmaLinux 10 kutoka kwenye tovuti yao, ikianza kubuti inakwama inalalamika prosesa haina x86-64-v3. Seva mbovu? Na VMware nayo niachane nayo?

JIBU: Poa mdogo wangu. Seva nzima kabisa, umechukua faili siyo. Red Hat, ambao AlmaLinux inafuata mfumo wao wa Linux, walipotoa toleo la 10 mwaka 2025 waliamua prosesa lazima iwe na maelekezo ya kundi la v3, yaani kwa seva za Intel za prosesa mbili kama yako ni kuanzia Xeon E5 v3 za 2014. Gen8 yako ni ya 2012, ipo kundi la v2. Gen9 inapita, Dell R730 inapita, R720 kurudi nyuma haipiti. Lakini watu wa AlmaLinux wao wakasema hapana, kuna mashine nyingi hai huko nje, wakajenga toleo la pembeni la v2, rudi kwenye ukurasa wao wa kupakulia uangalie lililoandikwa x86_64_v2. Hawa hata 2024 kwenye 9.4 walirudisha draiva za kadi za RAID za zamani ambazo Red Hat walikuwa wamezizima. Au piga Debian 13 usahau habari ya v, yenyewe haidai.

VMware, ile programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta kadhaa ndani ya moja), ukipenda jifunze kwenye mashine mpya zaidi. Ukitaka mashine pepe hapo kwenye Gen8 tumia Proxmox, ni Debian hiyohiyo ndani.

Ila nikwambie kitu, huu msaada wa programu kwa mashine za zamani hauji kwa maji ya baraka. Itanium, aina ya prosesa ya Intel, iliondolewa kwenye kernel (kiini) ya Linux toleo 6.7, Januari 2024, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kuitunza. Prosesa inaokolewa na mtu ambaye anayo mezani, anaijaribu, anaripoti. Na huyo naye ana bili. Januari 2014 OpenBSD, watengenezaji wa mfumo endeshi wa bure, walitangaza wanaweza kuzima mitambo kwa sababu ya umeme, dola 20,000, mashine zao nyingi zilikuwa za kizamani na ziko kwenye chumba cha chini nyumbani kwa mwanzilishi wao Theo de Raadt huko Calgary, Kanada. Watu wakauliza si mzime hayo makukuu, wao wakasema kuyatumia makukuu ndiko kunakofichua makosa ambayo mashine mpya zinayavumilia kimya kimya. Pesa zilipatikana. Kwa hiyo hiyo Gen8 ikikusumbua usinung'unike kwenye magrupu tu, ripoti, andika modeli na ujumbe kamili uliotokea, hiyo ni sadaka na haina gharama.

SWALI: Sasa fundi. Niko Nakuru, nashughulikia IT kwa SACCO. Tuna seva saba za HP tunaondoa, mwenyekiti anataka tupatie shule, lakini meneja anaogopa data ya wanachama. Tufanyeje, ama tuzivunje tu na nyundo?

JIBU: Meneja wako ana haki ya kuogopa, ndugu. Taasisi moja (siitaji) iliwahi kutupa mashine sita, nikawasha ya kwanza ili nione kama ni nzima, ikafunguka mpaka kwenye orodha ya mishahara ya watu, majina, akaunti, mikopo, kila kitu. Nilizima nikakaa kwanza. Kwenu Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ikitokea hivyo wa kwanza kuulizwa ni ninyi.

Lakini nyundo mwachie fundi wa mabati. Tumia ShredOS, inabuti kutoka kwenye flashi na ndani yake ina nwipe, inafuta kwa kuandika upya juu ya kila kitu na kuhakiki. Tatizo la seva ni kwamba kadi ya RAID inasimama katikati, unaweza kufuta ile diski moja ambayo kadi inakuonyesha ukaacha spea iliyokuwa imekaa pembeni haijaguswa, kwa hiyo diski zichomoe uzifute moja moja kwenye mashine nyingine isiyo na RAID. SSD nwipe haitoshi, tumia amri yake yenyewe ya kujifuta iliyomo ndani ya diski. Andika namba ya kila diski na tarehe, meneja asaini, na ile ambayo imekataa kufutika ndiyo itobolewe.

Na mkiamua kubaki na diski, tafadhali msibaki na vitrei vyake! Hili linanikera kuliko yote. Seva inafika shuleni safi, diski zimechomolewa pamoja na vile vitrei vya kuzishikilia, matundu manane wazi kama mdomo wa mtoto wa miaka sita, na kitrei kimoja kukitafuta ni wiki tatu. Weka pia reli, nyaya za umeme, funguo ya ule mlango wa mbele. Na kwa kuwa ni HP, tangu 2014 baadhi ya femwea (programu ya ndani ya kifaa) za ProLiant, yaani seva zao, hupakui bila waranti au mkataba, kama SACCO bado mna mkataba pakueni za mwisho mzisukume ndani kabla hamjazitoa, shule itahangaika kuzipata.

SWALI: Fundi habari za kazi, mimi ni dada yenu niko Hamburg. Kazini wanatoa seva kama 40, nataka nipakie kontena nilete Tanga kwa shule na zahanati. Wazo zuri?

JIBU: Nzuri dada yangu, wazo la kheri, lakini 40 hapana. Wapo wanaofanya jambo hili kwa ukubwa, CERN, kituo cha utafiti wa fizikia pale Geneva, tangu 2012 wanagawa mashine ambazo hazitoshi tena kwa hesabu zao, Moroko na Ghana zimo, lakini angalia wanampa nani: wapokeaji wenye chumba, umeme na vijana wa kuzitunza. Zahanati ya kijijini haina chumba cha seva, ina stoo ya dawa.

Lingine ni sheria. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kusafirisha taka hatari, umebadilishwa, na walioomba mabadiliko ni Ghana na Uswisi, sasa taka yoyote ya kielektroniki hata isiyo na sumu haivuki mpaka bila nchi inayopokea kukubali kwanza. Seva nzima siyo taka, lakini utathibitishaje bandarini? Kila moja ipimwe, iandikiwe karatasi kwamba inafanya kazi, ifungwe vizuri isigongane. Ukichanganya na mbovu tano "za spea" umewapa sababu ya kusimamisha kontena zima.

Chagua sita mpya kuliko zote, za prosesa ya Xeon E5 v3 kwenda juu, na nafasi iliyobaki jaza zile kompyuta ndogo za ofisini zinazoingia kwenye mkoba, moja inakula kama wati 15, hiyo kwa mwezi mzima usiku na mchana haifiki shilingi 4,000 za Luku na inaendesha Kolibri ya shule bila kutoa jasho. Na kabla hujalipia kontena wapigie simu hao wa Tanga, waulize nani atazipokea, na umeme unakatika mara ngapi kwa wiki. Wakisema kila siku, ongeza betri za UPS kwenye orodha, punguza seva mbili.