Maswali Yenu na Majibu ya Daktari: Mkono Uliopona kwa Nje

Barua za mwezi huu zimefanana kiasi cha kunifanya niziweke pamoja: mkono uliumia, jeraha likafunga au mfupa ukaunga, lakini mkono wenyewe haukurudi kazini. Nimechagua nne. Kabla ya kuzijibu, naomba tuelewane kuhusu neno moja. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, "mshipa" hubebeshwa mizigo mingi mno: ni njia ya damu, ni kano inayovuta kidole, ni ngiri, na ni ule uzi mweupe unaopeleka amri ya ubongo kwenye msuli na kurudisha habari za maumivu, joto na mguso. Mgonjwa akisema "nimekatika mshipa", anayemhudumia anaweza kuzuia damu, akaridhika, asiulize zaidi. Humu nitauita uzi huo neva, ili tusichanganye.

Swali: Daktari, shikamoo. Mume wangu ni fundi mwashi. Miezi miwili na nusu iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika mkono wa kulia katikati ya bega na kiwiko. Alifungwa hogo na sasa tumeambiwa mfupa umeunga. Lakini tangu siku ile kiganja kinaning'inia, hawezi kukiinua wala kunyoosha vidole. Wazee wanataka akandwe kwa nguvu. Je, mfupa uliungwa vibaya? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

Marahaba, mama. Kwa maelezo yako, sioni sababu ya kumlaumu aliyeunga mfupa. Nyuma ya mfupa wa mkono wa juu hupita neva iitwayo radiali, ambayo huuzunguka mfupa huo kama mtambaa unavyozunguka mti, ikiwa imeugusa kabisa. Mfupa unapovunjika mahali hapo, neva huvutika, huchubuka au, mara chache, hukatika. Kazi yake kubwa chini ya kiwiko ni kuinua kifundo cha mkono na kunyoosha vidole, na ndiyo maana kiganja cha mumeo kimeanguka.

Mwaka 1943 daktari wa upasuaji wa Uingereza, Herbert Seddon, aliyagawa majeraha ya neva katika madaraja matatu ambayo tunayatumia mpaka leo. La kwanza ni neva iliyoshtuka tu: umbo lake ni zima ila haipitishi ujumbe, na huamka yenyewe ndani ya siku au majuma kadhaa. La pili ni neva ambayo nyuzi zake za ndani zimekatika lakini ala yake imebaki, hivyo nyuzi huota upya zikifuata njia ileile. La tatu ni neva iliyokatika yote, ambayo haiungi bila mkono wa mpasuaji. Mkono unapovunjika bila ngozi kupasuka, wengi huwa katika daraja la kwanza au la pili, na ndiyo sababu madaktari husubiri kwanza.

Kusubiri huko lakini ni kwa hesabu. Uzi wa neva huota takriban milimita 1 kwa siku. Ikiwa kutoka mahali palipovunjika hadi kwenye msuli wa kwanza unaoinua kifundo ni sentimita 10, basi ni siku kama 100, na majuma machache ya kuanzia. Katika muda huo daktari hufuatilia safari ya neva kwa kuigonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia chini kwenda juu. Pale mgonjwa anaposikia msisimko kama wa umeme unaokimbilia mkononi, ndipo nyuzi changa zilipofika. Alama hiyo iliandikwa mwaka 1915 na Mfaransa Jules Tinel na Mjerumani Paul Hoffmann, kila mmoja akiwatibu majeruhi wa upande wake wa vita, bila kushauriana. Mwezi baada ya mwezi, mahali pa msisimko panapaswa kusogea chini. Pasiposogea, na kufikia mwezi wa tatu au wa nne msuli wowote haujatikisika, mumeo anahitaji kipimo cha umeme wa neva na misuli, kisha mpasuaji aamue kama ataifungua.

Kukandwa kwa nguvu hakuamshi neva, na juu ya mfupa uliotoka kuunga kunaweza kumuumiza upya. Anachohitaji leo ni gango la kushikilia kifundo kikiwa kimeinuka kidogo. Jaribu wewe mwenyewe uone faida yake: inamisha kifundo chako cha mkono chini kabisa, kisha ujaribu kukaza ngumi. Utaona vidole havina nguvu, ingawa neva zako zote ni nzima. Sasa kiinue, ukaze tena. Nguvu ya kushika ya mumeo haijapotea, ila imekosa egemeo. Akiwa na gango, na wewe ukimnyoosha kila kidole mara kadhaa asubuhi na jioni ili viungo visikakamae, mkono utakuwa tayari neva itakapofika.

Hata neva isiporudi, njia haijafungwa. Mpasuaji huweza kuchukua kano za misuli ya upande wa ndani wa mkono, ambayo ina neva nyingine na ina wenzake wa kufanya kazi yake, akazihamishia kwenye kazi ya kuinua kifundo na kunyoosha vidole. Operesheni hiyo inafanyika hata baada ya miaka, na baada ya mazoezi watu hurudi kushika mwiko.

Swali: Daktari, nina miaka 24. Miezi mitano iliyopita kioo cha dirisha kilinikata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, upande wa kidole cha mwisho. Zahanati walinishona, jeraha likapona vizuri. Lakini kidole cha mwisho na cha pete vimejikunja kama kucha za mwewe, nashindwa kufunga vifungo vya shati, na juma lililopita niliungua kidole kwenye sufuria nikajua kwa harufu tu. – Kijana, Tanga

Barua yako imeniuma, kijana wangu, kwa sababu ninayopaswa kuisema. Nikiwa daktari mchanga nilimshona kijana wa rika lako jeraha kama hilo, usiku, benchi likiwa limejaa wagonjwa. Nilizuia damu, nikasafisha, nikashona kwa ustadi niliojivunia. Sikumuuliza anahisi nini kwenye kidole cha mwisho. Alirudi baada ya miezi minane, nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada imekwisha, pamebaki shimo. Nimelikumbuka shimo lile kila niliposhika sindano ya kushonea tangu hapo.

Kipimo nilichokiruka huchukua dakika moja, nami nakiandika hapa ili kila mhudumu wa zahanati na kila mzazi akijue. Kabla ya sindano ya ganzi, mguse mgonjwa kwa pamba kwenye ncha ya kidole cha mwisho, kwenye ncha ya kidole cha shahada, na mgongoni mwa kiganja karibu na gumba. Kisha mwambie atanue vidole, ainue gumba kuelekea juu huku kiganja kikitazama dari, na ainue kifundo. Kila kimoja kinaulizia neva yake. Akikosa kimoja tu, jeraha hilo lisafishwe, lifunikwe, na mgonjwa apelekwe kwa mpasuaji siku ileile au siku chache zinazofuata, kwa sababu neva iliyokatwa na kitu chenye makali huungwa vizuri zaidi ikiwa bado mbichi.

Kwako imekatika neva iitwayo ulna, ile inayopita nyuma ya kiwiko ambayo ukijigonga husikia umeme mpaka kidole cha mwisho. Ndiyo inayoendesha misuli mingi midogo ya ndani ya kiganja, na kazi za ustadi kama kifungo, ufunguo, kalamu na uzi wa sindano huitegemea. Shika kipande cha gazeti kati ya gumba na upande wa kidole cha shahada, kwa mikono yote miwili, kisha mtu alivute. Naamini gumba la kushoto litajikunja kwenye kiungo cha ncha ili lisiachie, wakati la kulia litabaki limenyooka. Ni kipimo cha daktari wa Kifaransa Jules Froment, nacho ni cha 1915.

Bado hujachelewa, lakini muda si wako tena. Msuli uliokosa neva kwa mwaka mmoja na nusu hivi hugeuka polepole kuwa makovu na mafuta, na hapo hata neva ikifika haina cha kuamsha. Kutoka kwenye kifundo hadi kwenye misuli ya kiganja ni karibu, kwa hiyo miezi mitano inavumilika. Omba rufaa juma hili hili kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, au Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili. Baada ya miezi yote hiyo ncha mbili za neva huwa zimeachana na kuota kovu, hivyo mara nyingi mpasuaji huchukua kipande cha neva ya mguuni, nyuma kwenye shavu la mguu, akakitia katikati. Utabaki na ganzi kidogo pembeni mwa unyayo. Ni bei ndogo.

Kuhusu kuungua, nakusihi usilipuuze. Mkono usiohisi hulindwa kwa macho. Pima maji kwa mkono wa kulia, shika vyombo vya moto kwa kitambaa kinene, usishike sigara wala kaa la moto kwa mkono huo, na kila jioni chunguza vidole kwenye mwanga kama kuna lengelenge au mkato. Daktari Paul Brand, aliyewatibu wenye ukoma huko Vellore nchini India, alionyesha kwamba vidole vyao havikuwa "vikiliwa" na ugonjwa kama watu walivyoamini. Viliharibika kwa kuungua, kukatwa na kuoza kwa vidonda ambavyo mwenyewe hakuvisikia. Kidole chako kinakabiliwa na hatari ileile.

Swali: Mimi ni msusi. Usiku vidole vya mkono wa kulia, gumba hadi cha kati, hufa ganzi na kuwaka moto, mpaka niamke niukung'ute mkono. Nina mimba ya miezi saba. – Mombasa

Dada, pole. Kwenye kifundo kuna njia nyembamba yenye sakafu ya mifupa na paa la ukano mgumu, inayopitisha kano 9 na neva moja, ya mediani. Mimba huongeza maji mwilini, usukaji huchosha kano, na neva ndiyo inayobanwa. Vaa usiku gango linalonyoosha kifundo, pumzika kila baada ya kichwa kimoja, na umweleze mkunga wako kliniki. Kwa wengi hali hii huisha baada ya kujifungua. Isipoisha, pima pia kisukari na tezi ya shingo. Ukiona ganzi imekuwa ya mchana na usiku, au nyama ya chini ya gumba inapungua, usingoje: ukano ule hukatwa kwa operesheni fupi.

Swali: Kaka yangu ni dereva wa bodaboda. Aliangukia bega mwezi uliopita. Hakuvunjika mfupa, lakini mkono mzima umelegea na humwaka kama moto. Tumeambiwa tungoje tu. – Singida

Hapana, msingoje tu. Mtu anapoangukia bega huku kichwa kikisukumwa upande mwingine, mizizi mitano ya neva inayotoka shingoni kwenda mkononi huvutwa, na mingine huweza kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Uliong'oka haurudi wala haushonwi pale ulipotoka. Hata hivyo wapasuaji wamejifunza kuazima: mwaka 1994 Mfaransa Christophe Oberlin alieleza jinsi ya kuchukua nyuzi chache za neva ya ulna iliyo nzima, akaziunganisha na neva ya msuli unaokunja kiwiko, na mgonjwa akaweza tena kuinua mkono mdomoni. Njia hiyo hufaa pale mizizi ya chini iliposalimika. Kazi za aina hii hufanikiwa zaidi zikifanyika ndani ya miezi mitatu hadi sita tangu ajali, na mmeshatumia mmoja.

Mkono ubebwe kwa kitambaa kilichofungwa shingoni ili uzito wake usishushe bega, na mumkunje na kumnyoosha viungo vyote kila siku. Maumivu yale ya kuwaka hayasikii dawa za kawaida za kutuliza. Zipo dawa za neva zenyewe, na daktari atamwandikia. Kabla ya kuondoka kwenda hospitali, mtazameni usoni mbele ya dirisha. Kama kope la jicho la upande ulioumia limeshuka, na mboni ni ndogo kuliko ya jicho la pili, mweleze daktari mara mfikapo, kwa kuwa ni dalili kwamba mizizi ya chini imeng'oka karibu na uti, na hapo kungoja hakutaongeza chochote.