Uliza Fundi: Laptopu ya mjomba isubiri kidogo

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni msichana wa Ujiji, nimemaliza kidato cha sita. Nataka kusomea ubunifu wa michoro: nembo, vifungashio, mabango. Mjomba ameahidi kuninunulia laptopu ili nijifunze programu za kubuni wakati nasubiri chuo. Ila kuna dada aliyeanza masomo hayo ananiambia mwaka wa kwanza ni kuchora mayai na maboksi kwa penseli, kompyuta huigusi sana. Huo si upotevu wa muda? Na mimi kuchora sijui, shuleni kwetu somo la sanaa halikuwepo.

Jibu: Marahaba mwanangu. Mshukuru mjomba, na umwombe asighairi, ila asikimbilie dukani wiki hii. Huyo dada hakukudanganya. Programu inatii unachoiamuru. Ukiiambia ipange maneno vibaya itayapanga vibaya kwa unadhifu mkubwa, wala haitakunong'oneza kwamba umeharibu. Pita mtaani hapa Mwanga, Kigoma, utazame mabango ya misiba na ya mikutano ya injili: mitindo sita ya herufi kwenye bango moja, kila neno lina kivuli, na saa ya ibada huioni. Aliyeyatengeneza kompyuta anaijua vizuri sana. Asichokuwa nacho ni jicho.

Jicho ndilo linalofundishwa mwaka wa kwanza, na utaratibu huo una historia. Mwaka 1919, mjini Weimar, Ujerumani, msanifu majengo Walter Gropius alianzisha shule iitwayo Bauhaus. Mwanafunzi aliyekuja kujifunza kusuka vitambaa, kufua chuma au kutengeneza samani hakuingia karakana moja kwa moja. Kwanza alipitia kozi ya awali ya miezi sita, iliyoanzishwa na Johannes Itten. Humo walijifunza mwanga na kiza, laini na ngumu, rangi inayotulia na rangi inayopiga kelele.

Mwalimu aliyefuata baadaye, Josef Albers, ndiye ninayempenda zaidi. Aliingia darasani na rundo la magazeti, akagawa, akawaambia watengeneze kitu bila kupoteza karatasi. Wakaunda ngome, meli, wanyama. Alipozunguka kukagua akayaita mambo ya chekechea. Aliyesifiwa ni kijana mmoja aliyekunja gazeti lake kwa urefu tu likasimama lenyewe. Gazeti likilala mezani upande mmoja umefichwa. Lile lilionekana pande zote mbili, na ulegevu wake umegeuka nguvu. Shule ilifungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la Wanazi, Albers akaenda Marekani, na mazoezi ya namna hiyo yakasambaa. Ndiyo maana huyo dada anachora mayai.

Sasa la wewe kutojua kuchora. Watu wamelifanya jambo la kipaji, kana kwamba mkono unazaliwa unajua. Mimi nimeandika majina ya mitumbwi na maduka tangu ujana kabla ya kuanza kufundisha, na wanaofika mbali ni wale wanaotazama kitu muda mrefu kuliko wenzao. Unaanza hapohapo Ujiji, bila ada. Nunua penseli tatu, HB, 2B na 6B, na daftari lisilo na mistari.

Weka yai jeupe juu ya kitambaa cheupe karibu na dirisha. Utadhani ni weupe mtupu. Tazama mpaka uone kwamba kitambaa kinarudisha mwanga chini ya yai, hivyo sehemu yenye kiza zaidi haiko ukingoni kabisa, bali ndani kidogo ya ukingo. Usichore mstari wa kuzunguka. Chora kiza tu, yai litatokea. Ukizoea, shuka mwaloni. Chora mtumbwi uleule saa nne asubuhi na tena saa kumi na moja jioni, jua likielekea milima ya Kongo. Ni mtumbwi mmoja, lakini hutapata picha mbili zinazofanana, na kesho mteja akikuletea picha ya bidhaa yake utajua kwa nini inaonekana bapa.

Kwenye herufi nitakaa kidogo, maana ndiko nilikolia ugali. Chukua neno TAWAKALI, jina ambalo mwenye chombo hatachoka kukuomba. Liandike kwa herufi kubwa, nafasi zote upime kwa rula ziwe sawasawa. Kisha rudi hatua kumi. Utaona TAWA imeachana kama meno ya mtoto. Rula haijakosea, ni kwamba T ina uwazi chini ya mabawa yake, A ina uwazi juu ya mabega, zikikaa jirani uwazi unajumlishwa. Kinachotakiwa kuwa sawa ni ule weupe kati ya herufi, siyo milimita. Kata herufi hizo kwenye manila, zisogeze kwa vidole mpaka neno litulie. Kompyuta nayo ina kitufe cha kusogeza herufi, lakini hakuna anayekigusa kama hajaona tatizo.

Uwiano jifunze kwa karatasi ya A4. Ina milimita 210 kwa 297. Ikunje katikati upande mrefu, unapata A5, na umbo ni lilelile, dogo tu. Hesabu yake ni moja kwa kipeuo cha pili cha mbili, kipimo kilichowekwa rasmi Ujerumani mwaka 1922. Jaribu na karatasi ya umbo jingine uone kama itakubali.

Na vitenge, mwanangu, unakaa Kigoma! Vinavyoingia kutoka Kongo na Burundi ni darasa tosha. Tandaza kimoja sakafuni, tafuta ua linapoanza kujirudia. Weka alama kwa pini, pima mpaka kurudia kwa pili. Kipande hicho kimoja ndicho alichochora mbunifu. Kilichobaki ni mashine. Kichore, halafu ukigeuze, ukipindue, ukihamishe nusu kama matofali. Ukifanya hivyo unajifunza kubuni karatasi ya kufungia sabuni ya mawese, na sabuni hiyo ina soko.

Fanya haya kwa miezi michache, kila zoezi uandike tarehe, na majaribio mabovu usiyachane. Vyuo vinavyotazama kazi za mwombaji hutaka kuona njia aliyopita. Ndipo laptopu ije. Wala isiwe ya bei ya kutisha, kwani Inkscape ya kuchorea nembo na GIMP ya kusafishia picha ni za bure.

Swali: Fundi, nina kibanda cha kadi za harusi Kasulu. Kwenye kioo cha kompyuta kijani inawaka, nikichapisha inakuwa kama majani ya chai. Nibadilishe printa?

Jibu: Printa iache. Kioo kinatoa mwanga wa nyekundu, kijani na bluu; karatasi haitoi mwanga, wino unameza sehemu ya mwanga na kurudisha kilichobaki. Wino ni samawati, majenta, njano na nyeusi, na kuna kijani, chungwa na bluu kali ambazo mchanganyiko huo haufiki. Kwenye programu inayokubali, anza kazi katika mfumo wa CMYK, yaani wa wino hizo nne. Lililo bora zaidi, chapisha karatasi moja yenye vipande vya rangi unazotumia, ining'inize ukutani, na bibi harusi achague hapo badala ya kwenye kioo. Kumbuka pia rangi hubadilika kwa jirani yake: kijivu kilekile juu ya nyeusi kinang'aa, juu ya nyeupe kinazama. Huenda kijani chako kinahitaji tu kuondolewa karibu na njano.

Swali: Mimi ni mzazi, Ng'ambo, Tabora. Kijana wangu anataka ubunifu wa ndani ya nyumba. Aende wapi, na asome nini kwanza?

Jibu: Ndugu mzazi, Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada ya usanifu wa ndani pamoja na ile ya majengo. Akivutwa zaidi na sanaa yenyewe kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Sifa za kujiunga asisikilize za vijiweni. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) hutoa kitabu cha mwongozo kwa shahada, na baraza la elimu na mafunzo ya ufundi (NACTVET) kwa stashahada. Hesabu asiiache. Wakati anasubiri, mpe futi ya kamba, apime sebule yenu yote, milango, madirisha na kochi, aichore kwa kipimo cha moja kwa hamsini, yaani sentimita mbili za karatasi kwa kila mita. Akimaliza, muulize kochi lihamie wapi, na ajibu kwa mchoro.