Kulinganisha au kusawazisha mlinganyo?

Swali: Nafundisha kemia kidato cha tatu hapa Dodoma. Mtihani ni wa Kiingereza, lakini wanafunzi wakikwama nawaeleza kwa Kiswahili. Mwenzangu husema "kulinganisha mlinganyo", mimi husema "kusawazisha", wanafunzi wenyewe "kubalansi ikwesheni". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu, endelea na kusawazisha. Neno la mwenzako si geni kwa maana hiyo, kwani mlinganyo wenyewe umetoka kwenye lingana, lakini darasani litawapoteza watoto. Waambie "linganisheni milinganyo hii miwili" uone: watatafuta inafanana wapi na kutofautiana wapi. Hakuna atakayehesabu atomi ili zilingane idadi pande zote mbili.

Kusawazisha hakuna utata huo. Hata asiyependa kemia analijua kutokana na bao la kusawazisha, ingawa hapo uwaonye: mpirani unaongeza upande ulio nyuma tu, ilhali kwenye kemia unaweza kulazimika kugusa pande zote mbili.

Kwa kuwa mko kwenye zabibu, chukua mmenyuko wa sukari ya zabibu inapochachuka kuwa mvinyo:

C₆H₁₂O₆ → C₂H₅OH + CO₂

Kushoto kuna kaboni 6, haidrojeni 12, oksijeni 6. Kulia kaboni 3, haidrojeni 6, oksijeni 3, yaani nusu kamili. Sema: "Mlinganyo huu haujasawazishwa." Ukiweka 2 mbele ya alkoholi (C₂H₅OH) na 2 mbele ya kabonidioksidi (CO₂), "umesawazishwa". Wengi huteleza hapa wakasema "imesawazishwa". Mlinganyo ni huu, milinganyo ni hii.

Lugha ya maelekezo nayo iwe makini. "Badilisha namba" peke yake ni hatari, kwa sababu kuna namba ya mbele na namba ndogo ya chini. Ya mbele inaeleza molekuli ni ngapi. Ya chini ni sehemu ya dutu yenyewe. Anayeongeza 2 chini ya oksijeni ya H₂O hajasawazisha chochote, ametengeneza H₂O₂, ambayo si maji tena. Mimi ningesema "weka namba mbele", basi.

Kubalansi kuacheni kwenye mazungumzo. Sioni sababu ya kumkatiza mtoto anayeeleza vizuri kwa neno hilo. Ubaoni, kichwa cha somo kiwe "Usawazishaji wa milinganyo ya kikemia".