Bi harusi, usikubali kusuguliwa mikono

Ameniandikia msomaji wangu, bi harusi mtarajiwa wa hapa hapa Tanga. Vipele vidogo vigumu vimemjaa nyuma ya mikono, toka begani hadi karibu na kiwiko, na kila kimoja kimezungukwa na wekundu. Anauliza asugue na nini viishe kabla ya harusi. Mdogo wangu, usisugue kabisa.

Vipele hivi ninavyo tangu shule ya msingi, na mama anavyo. Ni vya kurithi. Daktari wa ngozi aliviita keratosisi pilarisi: keratini, ile protini ngumu ya ngozi, inaziba vitundu vya vinyweleo, na pembeni ngozi inavimba kidogo. Uvimbe huo ndio wekundu tunaouona sisi maji ya kunde. Kwa mweusi zaidi huonekana kama vidoa vya kahawia. Si uchafu, si fangasi, wala haviambukizi.

Nyumbani kwetu nani angesikia? Nilipowekwa ndani, somo, yaani kungwi wangu, alinisinga kwa singo, liwa na karafuu ya kusaga, mikono akaikazania mpaka ikawaka moto. Shangazi mmoja akasema mbele ya watu kuwa nafanana na kuku aliyenyonyolewa. Wakacheka wote. Sijasahau. Kesho yake wekundu ulikuwa umezidi, nikaolewa nimefunikwa hadi vidoleni. Baadaye duka moja la vipodozi wakanishauri mkorogo, nikakataa, na kwa hilo najivunia mpaka leo. Mikorogo mingi ina steroidi kali au zebaki: wekundu unapoa kwanza, halafu ngozi inakuwa nyembamba na wekundu unarudi kwa kishindo.

Mimi naoga maji ya uvuguvugu na sabuni laini, dodoki nimelitupa. Ngozi ikiwa bado na unyevu napaka krimu ya yurea ya asilimia 10. Jioni nyingine napaka losheni ya asidi ya laktiki. Ikiwasha sana napumzika, na mchana nafunika mikono maana asidi hiyo inafanya ngozi iungue jua upesi. Mafuta ya nazi yanalainisha tu, hayazibui. Kaskazi ikinikausha naongeza krimu. Dawa ya kumaliza kabisa haipo, lakini juzi kwenye kicheni pati ya binamu yangu nilivaa gauni lisilo na mikono. Ukipapasa vipele vipo. Wekundu ndio umefifia.

Akina mama na mashangazi, acheni kuwaaibisha mabinti kwa ngozi waliyozaliwa nayo. Binti anakwenda kuolewa, mnampeleka analia! Mpakeni mafuta, mnyamaze.

Nawe mdogo wangu, krimu hizi huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, kwa hiyo anza leo. Harusi ikishafika wiki ya mwisho usijaribu kitu kipya chochote. Somo akusinge mgongo na miguu, mikono aiache. Akibisha, nipe namba yake nizungumze naye mwenyewe.