Jibu: Hifadhi ya picha za nyumbani isiyomaliza betri (Bukavu)

Ndugu, umeuliza ununue nini cha kuhifadhia picha na video za familia hapo Kadutu, kiwake usiku kucha kwa betri ya sola ya volti 12, na wote nyumbani wazifikie kwa waifai. Hiyo kompyuta ya mezani unayopewa kwa bei ya kutupa, iache. Ikila wati 60, kwa saa 24 ni wati-saa 1,440. Betri yako ya ampea-saa 100 hata ikijaa ina 1,200 tu, na kama ni ya madini ya risasi usiishushe chini ya nusu.

Tafuta Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, na diski ya nje ya inchi 2.5. Vyote pamoja mara nyingi havivuki wati 10. Pi 3, toleo la kabla yake, usichukue: mtandao na USB zake hupita njia moja, utasinzia ukingoja video moja inakiliwe. Programu ya kuwagawia wote nyumbani mafaili, weka OpenMediaVault, ni ya bure.

Fundi atataka kukuuzia inverta, ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Ya nini? Kibadilishi cha volti 12 kwenda 5, chenye ampea 3 au zaidi, kinatosha. Waya uwe mfupi na mnene. Ukiwa mwembamba volti zinashuka, diski inazima na kuwaka, tik, tik, tik, mpaka mafaili yaharibike.

Diski ya pili nunua, ila usiiunge humo kama pacha: ukifuta picha huku, na kule inafutika. Nakili kila mwezi, kisha ikalale kwa shangazi kule Panzi.