Kwa mnaoanza kupima usugu wa dawa kwenye kuku wa Lubumbashi

Wadogo zangu mnaoingia maabara, mtakapokabidhiwa bakteria aina ya E. coli za kuku msizidharau kwa kuwa nyingi hukaa tumboni bila kumdhuru mtu. Hatari iko kwenye plasmidi, kipande cha DNA, mara nyingi cha duara, kinachoweza kubeba jeni za usugu wa dawa kadhaa kwa pamoja. Bakteria humpa mwenzake wakigusana, hata asiyekuwa wa jamii yake: E. coli mpole anaweza kumpa Salmonella, bakteria aletaye ugonjwa. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 1959 kwamba usugu hupita kati ya Shigella, bakteria wa kuhara damu, na E. coli. Mwaka 2015 wale wa China wakatangaza mcr-1, jeni ya usugu wa antibiotiki iitwayo kolistini, iliyo kwenye plasmidi, waliyoikuta kwa nguruwe, kwenye nyama ya dukani na kwa wagonjwa.

Kazi huanzia bandani. Ukimuuliza mama anayefuga kule Ruashi kama anatumia antibiotiki, huenda akasema hapana, na hakudanganyi. Mwombe akuonyeshe pakiti anazochanganya kwenye maji ya kuku. Utasoma VITAMINI kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi za kukodolea macho, oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki. Piga picha. Uliza vijiko vingapi kwa bidoni ya lita ngapi, na kwa siku ngapi. Andika palepale, maana wiki ijayo pakiti itakuwa imeshachomwa na takataka.

Sasa jaribio la kuhamisha usugu, ambalo ndilo huwapotosha wengi. Mnachanganya mtoaji, yaani E. coli ya kuku iliyo sugu kwa antibiotiki ya sefotaksimu, na mpokeaji kama J53, E. coli ya maabara anayestahimili kemikali ya azidi ya sodiamu. Kisha mnaotesha kwenye sahani yenye sefotaksimu na azidi kwa pamoja. Azidi inamzuia mtoaji, sefotaksimu inamzuia mpokeaji. Anayeota anatakiwa awe mpokeaji aliyekwisha kupewa plasmidi. Anatakiwa, nasema. Oteshani pia mtoaji peke yake na mpokeaji peke yake kwenye sahani za aina ileile. Mtoaji akiota huko, koloni zenu (vijilima vya bakteria) za mchanganyiko hazithibitishi kitu, hata zikiwa mia. Sahani hizo mbili zikibaki tupu, chukueni koloni kutoka ile ya mchanganyiko, zisafisheni, mpime dawa upya. Na azidi ni sumu: isimwagwe kwenye sinki, kwani ikikutana na mabomba ya shaba au risasi inaweza kutengeneza kitu kinacholipuka.

Umeme ukikatika usiku na inkubeta ikapoa, rudieni vipimo vyote vya diski, vile vidonge vya karatasi vyenye dawa vinavyowekwa juu ya bakteria. Kolistini msiipime kwa diski kabisa, haisambai vizuri kwenye agari, ile jeli ya kuoteshea. Tumieni mchuzi wa kuoteshea bakteria wenye viwango tofauti vya dawa.

Mkimpelekea mama majibu, muulizeni kuku wake walichanjwa Newcastle lini. Huo ni ugonjwa wa virusi, antibiotiki haiugusi, lakini kuku wakianza kufa ndipo pakiti zinapofunguliwa. Chanjo yake ipo.