Mzigo umepotea njiani: hasara ni ya nani?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Nauza nguo mtandaoni. Mteja alinilipa pesa zote, nikamkabidhi msafirishaji mzigo, ukapotea njiani. Kwenye ukurasa wangu nimeandika: "Mzigo ukishatoka kwangu si jukumu langu" na "Bidhaa ikiuzwa hairudishwi." Je, ni lazima nimrudishie pesa? Na gauni lililorudishwa likiwa na doa, nikalifua likabaki alama kidogo, naweza kuliuza kama jipya?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah, dada yangu.

Mrudishie. Najua si jibu ulilolitamani, maana ulifunga vizuri na ukatuma kwa wakati. Lakini hapa hatuulizi nani kakosea, tunauliza mali ilikuwa katika dhamana ya nani ilipopotea. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kilichouzwa hubaki katika dhamana ya muuzaji mpaka mnunuzi akipokee, kupokea ambako mafakihi hukuita qabdh. Kikiangamia kabla ya hapo, mauzo yamevunjika na pesa ni za mnunuzi.

Na lile tangazo lako? Imamu Nawawi, mwanachuoni wa madhehebu hayo, amelizungumzia jambo hili katika kitabu chake Minhaj: hata mnunuzi mwenyewe akimsamehe muuzaji dhamana kabla ya kupokea, kauli yenye nguvu ni kwamba msamaha huo haumwondolei muuzaji dhamana. Ikiwa msamaha wa mnunuzi haufui dafu, sembuse maneno uliyoyaandika wewe peke yako chini ya picha.

Hali hubadilika mteja anapokuambia, "Mpe kijana wangu wa pikipiki, anakuja kuchukua." Huyo ni wakala wake. Akishaupokea mzigo, ni kama mteja kaupokea, na ukipotea baada ya hapo hudaiwi kitu. Kwa hiyo tazama ujumbe wenu: nani alimchagua msafirishaji, na alikuwa akimfanyia nani kazi? Ikiwa ni wewe uliyemtafuta na kumwagiza, basi ni mtu wako.

Huyo msafirishaji naye usimvamie. Mali mkononi mwake ni amana. Halipi ila akizembea au akivuka mipaka, kama kuacha mzigo mlangoni usiku bila kumpigia mtu simu. Hilo likithibiti, mdai. Lakini mteja asingojeshwe mpaka kesi yenu iishe.

Kuhusu "hairudishwi", tofautisha mambo mawili. Mteja aliyebadili mawazo tu, rangi haikumpendeza ingawa ndiyo ile ile ya kwenye picha, huwajibiki kwake. Ukikubali kurudisha ni hisani, na Mtume (s.a.w.) amesema atakayemkubalia Muislamu kuvunja mauzo, Allah atamsamehe kuteleza kwake, ameipokea Abu Daud. Ama kasoro iliyokuwepo kabla hajapokea, zipu imekufa au mshono umeachia, hiyo ni haki yake na tangazo haliifuti. Ila naye akiiona aseme mara moja. Mtu anayelivaa gauni harusini, kisha analirudisha shingoni likinukia manukato, akidai zipu ilikuwa mbovu tangu siku ya kwanza, huyo kajipotezea haki yake mwenyewe.

Lile gauni lenye alama liuze, lakini iseme alama na uipige picha kwa karibu, kwenye mwanga. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikatoka na majimaji. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia: kwa nini hukuiweka juu watu waione? Anayedanganya si katika mimi. Ameipokea Muslim. Nawe, alama ile isikae upande wa nyuma wa picha.

Kama sasa huna pesa za kumrudishia mteja, ni deni. Mwandikie leo, umwombe muda, na mkubaliane tarehe. Mzigo ukija kuonekana baada ya kumlipa, ni mali yako. Akiutaka bado, mnafunga mauzo mapya.

Wallahu a'lam.